Shamba la bei ya chini: tuangalie nini kabla ya kutoa feza ya kooperative

Bapapa na bamama wa kooperative, kila mwaka kisha mavuno tunaonaka jambo moja. Mahindi yameuzwa, sanduku la kooperative liko na feza kidogo, na wiki hiyohiyo komisionere anafika na habari yake: hekta kumi, bei ya chini, sefu yuko tayari kusaini. Hapa Kasungami, na kwenye barabara zote zinazotoka mjini, habari hiyo haikosekani. Sisi waagronomo tunaitwaka kupima udongo wakati feza imekwisha kutoka. Kwa hiyo tunasema wazi mawazo yetu: kooperative isinunue shamba kwa papiye ya sefu peke yake, hata bei iwe nzuri namna gani. Afazali hekta mbili ambazo mtoto wenu atalima kesho, kuliko kumi za kubishania.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 53, inasema udongo ni mali ya Serikali. Mtu hauzi udongo wenyewe. Anauza haki ya kuutumia. Na kifungu cha 219 kinasema haki hiyo inatambuliwa kwa karatasi moja tu, certificat d'enregistrement, inayotolewa na conservateur des titres immobiliers. Je, ardhi ya mababu? Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba ordonansi ya Rais itapanga haki za batu wa vijijini juu ya ardhi yao. Miaka makumi ikapita bila ordonansi ile kutoka. Komisionere anaishi ndani ya tundu hilo.

Hatusemi sefu adharauliwe, apana. Hii ardhi ilikuwa ya Walamba kabla Lubumbashi haijajengwa, na sefu ndiye anajua nani alilima wapi. Ila saini yake ni mwanzo wa kazi. Kwa ardhi ya vijijini sheria inadai uchunguzi kwanza: mipaka ihakikishwe, batu walioko pale waandikwe na kazi zao, mito na njia zionyeshwe, na mwenye malalamiko asikilizwe, hata akisema kwa mdomo tu. Muuzaji akiwaomba mpite haraka, jirani wasijue, muache hiyo biashara siku ileile. Jirani aliyeulizwa leo hatakuja na upanga kesho kukata miti ya mpaka.

Kasungami iko na swali lake lingine. Ni kartie ya Komini Annexe, na Annexe inazunguka muji. Mahali munaona mahindi, biro ya mipango ya muji inaweza kuona parsele za nyumba. Muulize kule kabla: shamba hili linahesabiwa la mjini ao la kijijini? Kuna lotissement imepangwa juu yake? Kama jibu ni ndiyo, mutanunua kwa bei ya kiwanja na mutalima misimu miwili ao mitatu tu.

Tena tuko Haut-Katanga, ambapo udongo wa juu na madini ya chini havifuatani. Kodi ya madini ya 2002, iliyobadilishwa 2018, inatenganisha haki hizo mbili. Mwenye kibali cha madini anaweza kukalia shamba lenu akiwalipa fidia, na fidia hailingani na miti ya maembe ya miaka kumi. Kwa hiyo mupeleke alama za GPS za pembe nne kwa Cadastre Minier, waangalie kama shamba liko ndani ya carré ya mtu. Kazi hiyo ni ndogo, lakini ni kooperative chache tunazoona zinaifanya.

Sasa udongo, ambao ndio kazi yetu. Mashamba mengi yanauzwa wakati wa kipwa, juu feza inapatikana wakati ule. Kipwa kinadanganya. Dembo imekauka, inaonekana nzuri kwa lengalenga na shu. Mwezi wa pili maji yanafika kwenye magoti. Ao kinyume: kisima kiko na maji mwezi wa tano, mwezi wa kenda ni matope. Tunashauri mulione shamba mara mbili, mwisho wa kipwa na katikati ya mvua. Muuzaji asiyeweza kungoja miezi sita, mujiulize anakimbia nini.

Muchimbe mashimo matatu ao mane, ya metre moja, si kwenye kona nzuri tu. Mukikuta changarawe nyekundu kwa sentimetre makumi matatu, mizizi ya mahindi haitapita. Udongo wetu mwingi hapa ni wa asidi na hauna fosforo ya kutosha. Chokaa ya Kakontwe inasaidia, lakini bei yake na usafiri muiweke kwenye hesabu ya kununua. Muangalie bichuguu. Udongo wa kichuguu una kalsiamu na hauna asidi sana, na watengeneza matofali wanaupenda pia. Shamba ambalo bichuguu vyake vyote vimechimbwa limekwisha kuuzwa nusu yake, na bei haikupunguzwa.

Karibu na mashimo ya madini, viwanda ao mito inayopokea maji yao, mupeleke udongo na maji kwenye laboratware. Kiwanda cha shaba cha Lubumbashi kilianza 1911, na moshi wake uliacha shaba na risasi kwenye udongo wa upande unakoenda upepo. Mboga zinakota pale. Tatizo linaonekana kwa mtoto anayezikula.

Inabaki jina. Tunaona shamba la kooperative limeandikwa kwa jina la mwenyekiti, «kwa sasa tu». Mwenyekiti akifa, wajomba wanakuja na kilio na mkopo wa familia. Kooperative iliyoandikishwa kwa sheria ya OHADA inaweza kuwa na shamba kwa jina lake. Mujue tu kwamba konsesyo ya milele ni ya mtu binafsi Mkongomani. Kooperative inapata ya kawaida, isiyozidi miaka 25, inayofanywa upya. Muandike tarehe ya mwisho kwenye kitabu cha mikutano, na mkutano mkuu upige kura ya kununua mbele feza haijatoka. Malipo yagawanywe: sehemu ndogo mukiisha uchunguzi, nyingine wakati wa kupima mipaka, na ile kubwa siku sertifika inatoka kwa jina la kooperative.