Tuchimbe depo kwanza, frigo baadaye

Wandugu wa koperative, kila mkutano tunaomba frigo kubwa ya kuweka viazi. Lakini mazutu ya moteri nani atalipa? Kule Uswidi nyumba nyingi zinapata joto kwa pampu inayolivuta kutoka udongoni, maana huko chini hali haibadiliki sana mwaka mzima. Huku milimani Lubero, udongo uko na ubaridi wake, bila franka. Mimi naona tuchimbe depo ndani ya kilima: giza, mlango upande wa kivuli, tundu la hewa juu, mfereji wa maji ya mvua. Haitafikia baridi ya frigo, hapana, viazi vitachipuka mapema kidogo. Lakini havitaiva chini ya mabati, na hatutaviuza mbiombio kwa mchuuzi anayejua shida yetu.