Kabla Hujabadili Fani, Soma Mkataba

Leo tunasema na mabinti wa kwetu wenye uraia wa Marekani, wanaosomeshwa chuo kikuu na jeshi kupitia ROTC, mafunzo ya kuwa afisa.

Mama zetu wakisikia ada imelipwa hupiga vigelegele. Hawaambiwi kwamba mara nyingi fedha ile imefungwa na fani. Jeshi la majini hupanga fani kwa madaraja matatu: uhandisi, kisha sayansi na hisabati, halafu nyinginezo. Ukichukuliwa kwa uhandisi ukatamani historia, huendi kwa msajili wa chuo ukabadilisha tu. Unaomba ruhusa kwa maafisa wako kwanza. Ukijihamisha kimyakimya, ufadhili unaweza kukatwa.

Sisi tunaona mwaka wa kwanza ndio wa kuamua. Kwa ufadhili wa miaka minne, ukishaingia mwaka wa pili deni limekushika. Ukijitoa unaweza kutakiwa urudishe fedha au ukatumikie. Kama hesabu zinakuliza usiku, sema sasa. Si aibu, na afadhali aibu kuliko deni.

Na wewe uliyekwisha kuposwa, mchumba umemwambia? Wapo wanaodhani ukishahitimu unarudi nyumbani kupika biriani (nao biriani hawajui hata kuosha mchele wake). Baada ya chuo kuna miaka ya utumishi, na kituo anapanga jeshi. Mkataba huo ausome yeye, na walii wako pia, kabla ya siku ya nikaha.