Washa ya Bob 20, Faida ya Nani?

Mfereji ukivuja, huhitaji fundi. Funga maji yanakoingilia, fungua kichwa kwa spana, toa washa iliyolika, weka mpya ya bob 20. Mimi hujifanyia, na sitaacha.

Lakini nyinyi mnaotuhubiria kila siku kwamba vijana hatuna pesa kwa sababu hatujui kujibana, hebu tuongee.

Keja si yangu. Mfereji si wangu. Nikiurekebisha, aliyeokoa pesa ya fundi ni mwenye nyumba. Kodi haipungui hata ndururu. Siku ya kuhama, keateka anakuja na daftari: rangi, kitasa, kioo. Dipoziti imeenda hivyo. Nimefanya ufundi wa bure, halafu nikalipishwa.

Na kujibana tunajibana tayari. Mafuta ya kupimiwa, sukari ya kadogo. Anayenunua kidogo kidogo ndiye hulipa zaidi kwa kila kilo, kwa vile hana za kununua nyingi mara moja. Halafu 2023 Sheria ya Fedha ikapandisha VAT ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16. Shimo hilo utaliziba na washa gani?

Kwa hivyo rekebisha, msee, lakini usirekebishe kimya. Piga picha, weka risiti, mwandikie mwenye nyumba kwamba pesa hiyo itolewe kwa kodi. Akikuona mchoyo juu ya bob 20, muulize mbona hakuzitoa yeye.