Kadena ya intaneti iko bule, na mwizi naye anaiweka

Wakati tulifungua ukurasa ya sendika yetu ku intaneti, kijana mumoja wa ordinatere alituomba dola 100 kila mwaka «juu ya kadena». Ni ile alama ndogo yenye inaonekana mbele ya jina ya ukurasa. Dola 100, wandugu, ni michango ya wangapi? Tulilipa. Kisha mutoto wa kamaradi wetu, mwanafunzi wa iniversite, akatucheka: «Ba papa, ile kitu iko bule tangu nilikuwa mudogo.»

Alisema kweli. Zamani sertifika ya kadena ilikuwa ya kununua, na kurasa nyingi za watu wadogo zilibakia wazi. Mu 2013 Edward Snowden alionyesha namna Marekani ilikuwa inasikiliza intaneti ya dunia. Mwezi wa 11 mwaka 2014, watu wa Mozilla, wa Electronic Frontier Foundation na wa iniversite ya Michigan wakatangaza Let's Encrypt: sertifika ya bule kwa kila mutu. Tangu mwezi wa 12 mwaka 2015 kila mutu anaweza kuiomba. Mu mwezi wa 2 mwaka 2020 walifikisha sertifika bilioni moja. Kazi inalipwa na michango ya kampani kubwa na ya watu wa kawaida. Sisi wa sendika tunaelewa vizuri namna ile.

Inasaidia nini? Ukiandika mu ukurasa yenye haina sertifika, maneno yako inapita wazi, sawa barua bila anvelope. Mwenye wifi ya kambi ao ya kantini anaweza kuisoma yote. Na sisi wafanya kazi wanatuandikia jina yao, namba ya matrikile, na jina ya shefu mwenye kuwatesa. Kadena ikiwako, mwenye wifi anaona tu kama ulifika kwetu, haoni nini uliandika. Lakini kuona ulifika kwetu, hata ile peke inaweza kukuletea shida ku kazi. Njo maana tunawaomba: malalamiko musiitume mu wifi ya kampani, wala mu telefone yenye kampani ilikupatia.

Sasa tufike ku mambo yenye inatuumiza. Kabla ya kutoa sertifika ya bule, mashini inapima kitu kimoja tu: kama wewe njo unatawala lile jina ya ukurasa. Haiulizi kama uko mutu wa haki. Mwizi ananunua jina yenye inafanana na ya kampani ya mine, anabadilisha herufi moja, anaomba sertifika, anaipata palepale. Kisha anaandika kwamba kampani inaandika watu kazi, lakini kwanza utume makuta ya dosiye kwa telefone. Vijana wanatuma. Mama moja alikuja ku biro yetu na machozi: «Lakini kadena ilikuwako!» Ndiyo mama, ilikuwako. Ilikuwa inachunga njia katikati ya mutoto wako na mwizi, wengine wasisikie.

Google wenyewe waliona ile shida. Mu 2023 walitosha alama ya kadena mu Chrome, juu watu wengi walizania inaonyesha ukurasa ya kuaminika. Mu programu zingine ingali inaonekana.

Kuna wenye kusema basi sertifika ya bule njo ilileta wizi, irudie kuwa ya kulipa. Hatukubali. DigiNotar ya Uholanzi ilikuwa inauzisha sertifika; mu 2011 wezi waliingia mu mashini zake, wakatengeneza sertifika za uongo zaidi ya 500, moja kwa jina ya Google, na watu wa Irani wakapelelezwa. Ile kampani ilianguka mwaka ule ule. Kulipa hakukuwachunga.

Na mwenye anakuuzishia kadena ya mwaka muzima, umuulize vizuri. Kanuni mupya ilipitishwa mwezi wa 4 mwaka 2025: kuanzia tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka 2026, sertifika mupya haipiti siku 200, 2027 siku 100, 2029 siku 47. Zile za Let's Encrypt zilianza na siku 90, na programu njo inazirudilia yenyewe, bila mutu kugusa. Tangu mwezi wa 6 mwaka 2025 hawatumi tena barua ya kukumbusha, kwa hiyo mutu mumoja wa biro yetu anaangalia kila juma kama programu ingali inatumika. Yule kijana hatumulipi tena.

Kama umeona tangazo ya kazi, usitume makuta kwanza. Pita ku biro na jina ya ile ukurasa, tutaisoma pamoja herufi kwa herufi.