Malezi Bila Kiboko Hayafunzwi kwa Semina ya Siku Moja

Adabu, kwa maana ya neno lenyewe, ni mwenendo mwema. Lakini mzazi wa leo akitangaza kwamba atamtia mwanawe adabu, majirani hungojea kusikia kilio. Neno lililostahili kutaja malezi limegeuka kuwa jina la fimbo, na lugha, kama tujuavyo, haigeuki bure. Hugeuka pamoja na mazoea ya wenyewe.

Mazoea hayo yamekwisha kupimwa. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010, vijana wa umri wa miaka 18 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata utotoni. Asilimia 66 ya wanawake na asilimia 73 ya wanaume walisema kwamba walipigwa au kuumizwa mwilini kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti uliorudiwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba hali imepungua makali, ila haijatoweka.

Si kwamba tumekosa sheria. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, inamkinga kila mtoto na ukatili wa kila aina. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeharamisha viboko shuleni. Hata hivyo, sheria hubisha hodi mlangoni. Haiketi jikoni saa mbili za usiku, mama amerudi amechoka, unga haujapatikana, na mtoto amevunja sahani. Hapo panahitajika ujuzi, na ujuzi hufunzwa.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, mwaka 2016, liliweka msaada kwa wazazi na walezi miongoni mwa mikakati saba ya kukomesha ukatili dhidi ya watoto, na mwaka 2023 likatoa mwongozo mahususi juu ya mafunzo hayo. Kwa hiyo swali letu si kama tuwafunze wazazi. Swali ni: tuchague mafunzo yapi, na tuyaendeshe vipi?

Tutazame Afrika Kusini. Katika jimbo la Eastern Cape, mwaka 2015 na 2016, mafunzo yaitwayo Sinovuyo yalijaribiwa katika vijiji na vitongoji 40, kwa familia 552 zenye vijana wa umri wa miaka 10 hadi 18. Wazazi na vijana wao walikutana kwa vikao 14. Walijizoeza kutenga muda wa kukaa pamoja, kusifu jema, kutuliza hasira kabla ya kusema, kuweka kanuni za nyumbani, hata kupanga matumizi ya fedha, kwani ufukara ni mchochezi mkubwa wa hasira. Aliyekosa kikao alifuatwa kwake. Wakufunzi wengi walikuwa watu wa papo hapo. Miezi kadhaa baada ya vikao kwisha, wazazi wenyewe walieleza kwamba mateso yamepungua, wakilinganishwa na familia ambazo hazikupata mafunzo hayo.

Sasa tujitazame sisi. Mara ngapi tumeona wazazi wakikusanywa ukumbini, wakahutubiwa kutwa nzima, wakapewa chai, fulana na nauli, kisha ripoti ikaandikwa kwamba wazazi mia mbili "wamefikiwa"? Kufikiwa si kufunzwa. Hakuna ajifunzaye kuogelea kwa kusikiliza hotuba juu ya maji. Mfadhili ahesabuye vichwa vya waliohudhuria, asimwulize mtoto kama bado anapigwa, amehesabu viti tu.

Kuna na suala la lugha, ambalo kwa kazi yangu siwezi kulipuuza. Sinovuyo ni neno la Kixhosa. Maana yake ni "tuna furaha". Mzazi wa huko hahitaji mkalimani. Sisi tumeleta "malezi chanya". Chanya ni istilahi njema darasani, mahali pa hesabu na umeme, lakini muuza samaki wa Kongowea ataielewaje? Kwa nini tusiseme malezi bila kiboko? Tena mafunzo yaendeshwe kwa Kigiriama, Kidholuo, Kikamba au Kiturkana, kwa kuwa mtu hukaripia na kubembeleza kwa lugha ya nyumbani kwake.

Najua wako watakaonijibu kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Nakubali. Lakini methali haikutaja fimbo. Mtoto hulia pia anyimwapo asichostahili, na mafunzo haya hayamfundishi mzazi kuogopa kilio hicho. Yanamfundisha kukataa bila kujeruhi. Wahenga walisema pia kwamba udongo uwahi ungali maji. Nani amemwona mfinyanzi akiuchapa udongo? Huukanda kwa mikono yake, polepole, akiusikiliza.

Basi serikali za kaunti, makanisa, misikiti na mashirika yaulize maswali machache kabla ya kutia saini. Je, mafunzo haya yamejaribiwa mahali panapofanana na petu, yakapunguza kipigo? Yana vikao vya kutosha vya kujizoeza? Gharama yake itabebeka mfadhili akiondoka? Akina baba wamewekewa saa waiwezayo, au tutawaachia akina mama mzigo wote kama ilivyo desturi? Mkufunzi ana wa kumwongoza? Na akigundua mtoto aliyeumizwa vibaya, anajua ampeleke wapi?

Programu isiyoweza kujibu maswali hayo ni afadhali fedha zake zikanunue madawati. Ile inayoweza kuyajibu ipewe muda, wala isikatwe baada ya mwaka mmoja. Neno adabu lilichukua muda mrefu kuharibika mikononi mwetu. Halitatengenezeka kwa siku moja ya semina.