Bando Letu Si la Kulisha Matangazo

Kwa vijana wenzetu wa hapa Nakivale na wa kambi nyingine, na kwa wakubwa zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika: posti hii ni ndefu, lakini ni maandishi tu. Haina picha wala video, kwa hiyo haitamaliza mega za mtu.

Tuanze na kozi. Kila mara kozi za kompyuta zinaletwa kwenye makazi yetu. Tunafundishwa kuandika CV kwenye Word, kujumlisha kwenye Excel, kufungua barua pepe. Siku ya mwisho tunashika vyeti, tunapigwa picha, picha inaingia kwenye ripoti. Hatukatai, Word ina kazi yake. Lakini wengi wetu hatuna kompyuta. Tuko na simu ya Android, tena mara nyingine simu moja kwa watu watatu, na pesa yetu ya intaneti inaishia kwenye WhatsApp na kwenye brauza. Hata siku moja hatujakaa kwenye kozi ambayo mwalimu alisimama akasema: leo tunajifunza kuizuia brauza isile pesa yako.

Sisi tunasema somo hilo lilipaswa kuwa la kwanza, kabla ya Word.

Hebu tupige hesabu. Makala kama hii, maneno 1500 hivi, ukichukua maandishi peke yake ni kama KB 10. MB moja ni zaidi ya KB 1000. Yaani MB moja ingetosha kusomesha watu karibu mia makala hii. Sasa fungua ukurasa wa habari au wa ajira wenye maneno hayohayo. Unaweza kukuta umekula MB kadhaa kwa kusoma mara moja tu. Zimeenda wapi? Zimeenda kwenye video inayojianzisha yenyewe, kwenye picha kubwa kuliko kioo cha simu yako, kwenye matangazo yanayorukaruka, na kwenye vifuatiliaji, vile vikodi usivyoviona vinavyoandika umesoma nini na umekaa wapi kwa dakika ngapi, ili habari hizo wauziane watu usiowajua.

Na hapa Uganda kuna la ziada. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, badala yake ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Maana yake ni nini? Mega iliyobeba tangazo la gari ambalo hatutalinunua maishani imelipiwa ushuru sawasawa na mega iliyobeba tangazo la ufadhili wa masomo. Tunanunua bando, tunalilipia ushuru, halafu tunamkaribisha mfanyabiashara aingie kula kwanza. Sisi tunapata makombo.

Dawa ipo, na ni ya bure. Kuna vijiprogramu vidogo vinavyopachikwa ndani ya brauza ili viifanye itii mwenye simu. Chrome ya Kiswahili inaviita viendelezi. Hapa tunataja vitatu tu.

Cha kwanza ni uBlock Origin. Kazi yake ni kuzuia matangazo na vifuatiliaji kabla havijashuka kwenye simu. Tunasema kabla, kwa sababu kinachozuiwa kabla hakili bando. Mtengenezaji wake, Raymond Hill, hachukui hata michango. Ndani ya mipangilio yake kuna sehemu wengi hawaijui: unaweza kuiambia izuie picha na video zote zinazozidi ukubwa fulani, na kipimo walichoanzia ni KB 50. Ukiiwasha hiyo, picha kubwa haishuki mpaka wewe mwenyewe uamue kuigusa.

Cha pili ni SingleFile. Hiki kinahifadhi ukurasa mzima kama faili moja. Mtu mmoja anafungua maelezo ya DAFI au ya chuo, anahifadhi, anawatumia wenzake kwa Bluetooth. Mmoja analipa, kumi wanasoma, hata yule wa Rubondo ambaye kwake mtandao unakuja na kuondoka.

Cha tatu ni TWP, cha kutafsiri kurasa. Nakivale watu wanaongea Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiamhari na lugha nyingine, lakini karibu kila fomu inakuja kwa Kiingereza. Angalizo moja: maandishi unayotafsiri yanatumwa kwanza kwenye mashine za kampuni ya tafsiri. Kwa hiyo tafsiri tangazo la kazi upendavyo, lakini barua inayohusu kesi yako usiipitishe huko. Mtafute mtu unayemwamini akusomee.

Sasa shida inakuja hapa. Chrome iliyoko kwenye simu nyingi za Android haikubali viendelezi. Ndiyo brauza tuliyoikuta ndani ya simu, tukadhani ndiyo intaneti yenyewe. Hata kwenye kompyuta, Google walibadilisha kanuni za viendelezi, na kufikia 2025 uBlock Origin kamili ikawa imefungiwa nje ya Chrome, ikabaki ndogo yake inayoitwa uBlock Origin Lite. Kampuni inayoishi kwa matangazo ndiyo inayotengeneza mlango tunaopitia, na ndiyo inayoamua bawabu wetu awe na nguvu kiasi gani. Hapo hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Firefox ya Android, kinyume chake, tangu Desemba 2023 imefungua mlango kwa viendelezi vya kila aina. Unaiweka, unabonyeza vidoti vitatu, unaingia kwenye viendelezi, unachagua uBlock Origin, basi. Kuiweka kunakula mega mwanzoni, na orodha zake zinajisasisha mara kwa mara, kwa hiyo fanya ukiwa kwenye Wi-Fi. Na tusidanganyane: haigusi WhatsApp wala TikTok. Inafanya kazi ndani ya brauza tu.

Tunajua majibu tutakayopewa, kwa sababu tumeshayasikia.

La kwanza: eti matangazo ndiyo yanalisha waandishi wa habari, kuyazuia ni wizi. Tunawaheshimu waandishi, na wapo waliosimulia vita yetu wakati wengine wamenyamaza. Lakini gharama ya kuwalisha isitolewe kwenye bando la mtu ambaye mgao wake wa chakula umepunguzwa. Gazeti likitaka kutuonyesha tangazo la maandishi, mistari miwili, bila video na bila kutufuata nyuma, tutalisoma. Tena uBlock Origin inakuruhusu kuizima kwenye tovuti moja unayotaka kuiunga mkono. Uamuzi uwe wa mwenye bando.

La pili: eti Opera Mini inatosha, si inabana data? Inabana kweli, na wengi tumeitumia kwa miaka. Lakini ikiwa kwenye kubana sana, kurasa zinapitia kwanza kwenye mashine zao, na fomu nyingi zinakwama. Kwa kusoma habari za mpira ni sawa. Kwa kujaza maombi ya chuo siku ya mwisho, utalia.

La tatu ndilo zito: eti viendelezi ni hatari, vijana wataweka virusi. Hapo tunakubaliana nusu. Kiendelezi kinaweza kuomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila ukurasa unaofungua. Kwetu ukurasa huo unaweza kuwa barua pepe ya kesi, namba ya familia, jina la kijiji tulichokikimbia. Mwaka 2021 Google waliondoa The Great Suspender, kiendelezi kilichokuwa na watumiaji karibu milioni mbili, baada ya kukutwa na kodi mbaya. Kilikuwa kizuri zamani, kisha mwenyewe akakiuza kwa watu wasiojulikana. Kwa hiyo hatari ipo, hatuifichi.

Lakini angalieni hoja hiyo inaelekea wapi. Kisu kinakata, je, tumeacha kufundisha watoto kupika? Ukimwacha kijana bila somo, hataacha kuweka viendelezi. Ataweka kile alichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, chenye ahadi ya mega za bure. Na matangazo yenyewe ni hatari. Ni nani kati yetu hajaona kitufe cha kijani kilichoandikwa "Pakua" ambacho si cha kupakua, au tangazo la kuhamia Kanada kwa kulipa ada kidogo? UNHCR wanarudia kila siku kwamba huduma zao ni bure, na tangazo la utapeli linakuja kukaa pembeni ya ukurasa uleule unaosoma ujumbe huo. Kuzuia matangazo kunapunguza milango ya matapeli. Hakuifungi yote, lakini anayesema tuiache wazi kwa ajili ya usalama wetu atueleze vizuri.

Kanuni za usalama ni chache, na zinafundishika kwa saa moja. Weka viendelezi vichache, viwili au vitatu. Chukua kwenye duka rasmi la brauza, kamwe usichukue kwenye linki ya kutumiwa. Kwenye Firefox tafuta alama ya vile vinavyopendekezwa, maana hivyo vimekaguliwa na watu wa Mozilla. Soma ruhusa inayoombwa kabla ya kukubali. Hata uBlock Origin inaomba ruhusa kubwa, ndiyo maana ni muhimu kwamba kodi yake iko wazi na wataalamu wanaisoma kila siku. Jina likifanana, hakikisha ni "uBlock Origin" kamili, kwa sababu kuna majina ya kuigiza. Na kiendelezi kikianza kuomba ruhusa mpya bila sababu, kiondoe.

Sasa tuseme na nyinyi, wakubwa zetu wa mashirika, kwa heshima lakini bila kuzunguka.

Kwenye vituo vya kompyuta tumeomba uBlock Origin iwekwe, tukajibiwa kwamba mashine zimefungwa kwa sera, mtumiaji haruhusiwi kuongeza kitu. Tunaelewa kwa nini mashine ya watu wengi inafungwa. Lakini Firefox na Chrome zote zinampa msimamizi uwezo wa kuweka kiendelezi kimoja alichokichagua kwenye kila mashine na kukataza vingine vyote. Sera inaweza kubaki, na sisi tukapata nafuu. Kwenye Chrome wekeni hata hiyo Lite. Wi-Fi ya kituo inayogawanywa na vijana ishirini ingeacha kubeba video za matangazo ishirini, na nyinyi wenyewe mnaolipa bili mngeona tofauti.

La pili ni tovuti zenu. Tunafungua kutafuta jambo moja: usajili ni tarehe ngapi, Base Camp au Juru, tubebe karatasi gani. Kabla ya kufika hapo tunashusha picha kubwa ya mtoto anayecheka, video ya mkurugenzi, kisanduku cha kukubali vidakuzi, na mwishoni PDF nzito ambayo ndani yake ni mistari minne. Picha hizo ni zetu, mlitupiga hapa hapa, na sasa tunalipa mega kuziangalia ili tupate tarehe. Wekeni maandishi juu, picha chini. Tangazo la mistari minne liwe mistari minne, ambayo mtu anaweza kunakili na kutuma kwa SMS. Ondoeni vifuatiliaji kwenye kurasa za watu waliokimbia, kwa sababu mtu aliyekimbia ana sababu nzuri ya kutotaka kufuatwa. Mkifanya hivyo, hatutahitaji kiendelezi kusoma habari zenu.

La tatu ni kozi. Saa moja tu kwenye kila kozi: simu mkononi, Firefox, uBlock Origin, kanuni za usalama. Walimu wapo, ni sisi wenyewe. Hatuombi posho. Tunaomba chumba, Wi-Fi ya siku hiyo, na mahali pa kuchaji.

Na nyinyi vijana wenzetu, msisubiri barua ya mradi. Aliyeelewa awawekee wawili, mama na jirani, kisha akae nao dakika kumi awaeleze ameweka nini, maana kumwekea mtu kitu asichokielewa ndiyo tabia ileile tunayoilalamikia. Mwenye duka la kuchaji simu anaweza kubandika kanuni zile ukutani. Tukiwa na swali tunaulizana kwenye kundi, kwa lugha yoyote.

Wasimamizi wa vituo, tunawasubiri Jumatatu na orodha ya mashine. Mkitukatalia, tunaomba sababu kwa maandishi, na tafadhali isiwe PDF.