Buku jero ya LUKU: anayekatwa ni nani, anayedaiwa ni nani?

Wasomaji wangu, leo naomba tuziweke pembeni habari za wakubwa, tuongelee kitu kilichopo ukutani kwako. Ndiyo, ile mita ya LUKU.

Hapa Kikwe, kama ilivyo Usa River, Tengeru na mitaa ya Arusha mjini, mwezi ukianza kuna kaugonjwa kanawapata wapangaji wanaochangia mita moja. Umeme unakaribia kuisha, kila mtu anaona namba zinavyoshuka, lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kununua. Kwa nini? Kwa sababu anayetangulia ndiye anayekatwa shilingi 1,500, na anayefuata anapata yuniti zake zote. Watu wazima na heshima zao wanategeana gizani kwa ajili ya deni ambalo, ukilitazama vizuri, si la hata mmoja wao!

Maana makato hayo si bei ya umeme. Ni kodi ya majengo, na kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Mpangaji hana jengo. Ana chumba, godoro na mkataba wa miezi sita, kama mkataba wenyewe upo.

Tukumbushane ilivyoanza. Mwaka 2016 tulipata nafuu: EWURA iliondoa ile tozo ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi iliyokuwa inakatwa kwa wateja wa kawaida. Tukashangilia. Halafu tarehe 20 Agosti 2021 kodi ya majengo ikaanza kukusanywa kupitia LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Yaani nyumba ya kawaida ilitoka 12,000 kwa mwaka ikafika 18,000. Hilo ni ongezeko la nusu nzima, na wengi walilijua siku waliponunua umeme wakaona yuniti zimepungua.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu haina itikadi. Kwa bei za agizo la EWURA la 2016, mteja mdogo asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa yuniti. Ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, unapata 122. Mteja wa kawaida ni 292, na ukijumlisha hayo yote inakuwa kama 356.

Mwenye kununua umeme wa 10,000 kwa bei ya 356 anapata yuniti 28. Mwezi ukianza na makato yakipita, anapata karibu 24. Inauma, lakini anavumilia. Sasa mtazame bibi mwenye taa tatu na redio, anayenunua umeme wa 3,000 kwa mwezi mzima. Alitakiwa kupata yuniti 24 na ushee. Makato yakipita anabaki na 12. Nusu ya fedha yake haikununua umeme! Na jirani yake mwenye jumba la vyumba kumi lisilo na ghorofa anakatwa buku jero hiyo hiyo. Mnaonaje hapo?

Msinielewe vibaya. Sipingi kodi. Barabara ya vumbi tunayoilalamikia kila mvua ikinyesha haiwezi kutengenezwa kwa maombi. Pia nakubali kwamba kukusanya kwa LUKU ni rahisi kuliko kumtuma mtu nyumba kwa nyumba na daftari. Lakini urahisi wa mkusanyaji usiwe mzigo wa asiyedaiwa. Mita inajua namba yake tu. Haijui kama aliyenunua tokeni ni mwenye nyumba, mpangaji, au kijana aliyetumwa dukani.

Serikali yenyewe ililiona hilo mwaka 2021, ikasema mpangaji akubaliane na mwenye nyumba wake namna ya kurudishiana. Jamani! Wewe unayejua kodi ya chumba inavyodaiwa, hayo "makubaliano" unayafanyaje na mtu anayeweza kukuambia uhame mwisho wa mwezi? Nimezungumza na vijana wengi waliopanga huku kwetu. Wengi hawajawahi hata kuuliza. Wanaona aibu kumwambia baba mwenye nyumba habari ya buku jero. Lakini buku jero mara kumi na mbili ni 18,000, na kwa mtu wa kipato cha kuungaunga hiyo ni hela.

Wenzetu Uingereza wengi hulipia umeme kwa kukatwa benki kila mwezi. Huko, kiwango kikibadilika mteja lazima ajulishwe mapema, kwa kawaida siku 10 za kazi kabla, na ikikatwa kimakosa benki inamrudishia. Hawana malaika kule. Mwaka 2022 msimamizi wao wa nishati, Ofgem, alilazimika kuyakagua makampuni kwa namna yalivyokuwa yanapandisha makato hayo. Ila kanuni ipo: kabla ya kuongeza mkono mfukoni mwangu, niambie kwanza.

Na sisi tunaweza. Mwaka 2024 mita zote za LUKU zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba, na TANESCO walitutangazia kwa miezi kadhaa namna ya kuingiza zile tokeni za ziada. Kila mtu alielewa, hadi bibi zetu. Kama tuliweza kuelezwa tarakimu ishirini ishirini, tunashindwaje kuelezwa kodi?

Basi mimi nashauri hivi. Kwanza, usifute ujumbe wa tokeni. Usome: bei ya umeme, VAT, REA, EWURA, na kodi ya majengo kama imekatwa. Zitunze jumbe hizo, ndizo ushahidi wako. Siku ya kulipa kodi ya chumba, mwoneshe mwenye nyumba kwa adabu: "Shikamoo baba, hizi 9,000 za miezi sita nilikulipia, naomba tuzitoe kwenye kodi." Na mnaposaini mkataba mpya, liandikwe humo.

Pili, nyumba moja yenye mita zaidi ya moja inatakiwa kulipa kupitia mita moja tu. Kama mita zote zinakatwa, usinyamaze, nenda kaulize. Uliza pia msamaha wa mzee wa miaka 60 na kuendelea kwa nyumba anayoishi. Mita haijui umri wa bibi, lazima mtu aende kusema.

Tatu, kama tatizo ni bei ya yuniti au umebadilishiwa kundi la bei, anza TANESCO kwa maandishi. Usiporidhika nenda EWURA, wana ofisi ya kanda hapa Arusha, na lipo baraza la watumiaji, EWURA CCC, la kukusaidia.

Kwa serikali nina ombi moja: mdai mwenye jengo kwa jina lake. Na mkiona lazima ipitie LUKU, basi sheria iseme wazi kwamba risiti ya LUKU ni malipo halali ya kodi ya chumba kwa kiasi hicho, mwenye nyumba apende asipende.

Kuna watakaosema 1,500 ni kitu kidogo cha kusumbulia ofisi. Hii ni nchi ya Wameru. Walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, walichangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, kulalamika. Sisi hatuambiwi tupande ndege. Ofisi ziko mjini, nauli ya daladala tu.

Wewe mwenye nyumba unayesoma hapa, umewahi kumrudishia mpangaji wako hata mwezi mmoja? Nasubiri majibu yako. Na wewe mpangaji, mwezi huu nani katangulia kununua?